Kusafisha Meno ya Bandia Kliniki ni Tiba, si Hisani

Siku ya kukabidhiwa meno ya bandia huwa siku ya furaha katika kliniki ya kinywa na meno. Mgonjwa aliyekaa miezi mingi akiziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka hushika kioo, hujitazama, hutamka maneno mawili matatu ya kujaribu, kisha hutoa tabasamu ambalo kila aliyemo chumbani alikuwa akilisubiri. Huelekezwa namna ya kuyavaa na kuyavua, huambiwa ayasugue kila siku, na hupewa tarehe ya kurudi ili yarekebishwe pale yanapochubua. Baada ya marekebisho ya wiki za kwanza, jalada lake hufungwa. Atarudi yatakapovunjika, au taya litakapokuwa limepungua kiasi cha meno kuchezacheza mdomoni, na huenda hapo imepita miaka saba au kumi.

Anaporudi, meno hayo huwa yamebeba historia ya miaka yote hiyo. Nyuma ya meno ya mbele ya chini pamejengeka ukuta wa ugaga wa rangi ya kahawia. Upande unaolalia kaakaa una utando unaoteleza ukiguswa kwa kidole. Kinachofuata mara nyingi ni hiki: tabibu, akiwa na foleni ndefu nje ya mlango, huchukua kile kifaa cha chuma cha kukwangulia ugaga wa meno ya asili, hukwangua palipo wazi, husuuza kwa maji ya bomba, kisha humrudishia mwenyewe na kumsihi asugue vizuri zaidi. Hakuna kinachoandikwa katika jalada. Hakuna malipo yanayotozwa, kwa kuwa hakuna huduma iliyotajwa kwa jina. Ni hisani ya dakika mbili, na mgonjwa hushukuru kwa moyo mweupe.

Hisani hiyo, pamoja na nia njema iliyomo, ina madhara. Kusafisha meno ya bandia kliniki ni tiba yenye hatua zake, vifaa vyake na wakati wake. Inapofanywa kama fadhila ya pembeni, huweza kuyaacha meno katika hali mbaya kuliko yalivyoingia, na huacha kinywa chenyewe bila kutazamwa. Kliniki zinazotengeneza meno ya bandia zinapaswa kuitambua kazi hii kuwa sehemu ya matibabu, kuipangia miadi angalau mara moja kwa mwaka, kuiandika katika jalada, na kumfundisha kila anayeigusa.

Sababu ya kwanza imo katika malighafi. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1930, meno mengi ya bandia ya kuvua hutengenezwa kwa akriliki, plastiki ngumu iliyochukua nafasi ya mpira uliokaushwa kwa salfa. Akriliki ni nyepesi, hukubali rangi inayofanana na ufizi, na hurekebishika kwa urahisi. Hata hivyo ina vinyweleo vidogo mno, hufyonza maji, na ni laini mno ikilinganishwa na chuma. Katika vinyweleo na mikwaruzo yake bakteria na fangasi, hasa Candida albicans, hujishikiza na kujenga utando wenye tabaka ambao maji ya kusuuzia hayauondoi. Utando huo ukikaa, chumvichumvi za mate hugandamana ndani yake na kuwa ugaga. Ndiyo maana ugaga hupenda kukaa karibu na matundu ya tezi za mate: upande wa ulimi wa meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu. Mhudumu anayeyajua maeneo hayo mawili hujua pa kutazama kwanza.

Watafiti wa nyuso za vifaa vya kinywani hutaja kipimo cha mikromita 0.2. Uso ukilainishwa zaidi ya hapo, wingi wa bakteria wanaojishikiza haupungui tena. Lakini ukikwaruzika kupita hapo, makazi yao huongezeka. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya mikromita. Ncha ya kifaa cha chuma inayoburutwa juu ya akriliki huacha mifereji inayoonekana kwa macho, yaani mifereji mikubwa mara nyingi kupita kipimo hicho. Hivyo mgonjwa aliyesafishiwa kwa kukwanguliwa huondoka na meno yanayong'aa kwa wiki mbili, kisha hushangaa ugaga unavyorudi upesi kuliko zamani. Huambiwa hasugui. Naye, kwa heshima aliyo nayo kwa daktari, hukubali lawama isiyo yake.

Uhusiano kati ya tabibu na meno aliyoyatengeneza haukuwa wa kuagana daima. Rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alivaa meno yaliyochongwa kwa pembe, ikiwemo ya kiboko, na aliyapeleka kwa njia ya posta kwa tabibu wake John Greenwood yalipohitaji kufanyiwa kazi. Mwaka 1798 Greenwood alimwandikia kwamba seti aliyoipokea ilikuwa nyeusi sana, akashuku kuwa ililowekwa katika mvinyo au ilivaliwa wakati wa kuunywa, akaeleza kuwa uchachu wa mvinyo huondoa mng'aro, na akamwelekeza namna ya kuyasafisha kwa brashi na chokaa laini. Barabara zilikuwa mbovu na mashine hazikuwepo, lakini tabibu aliyapokea meno, akachunguza chanzo cha uchafu, akatoa maelekezo kwa maandishi. Katika mambo hayo matatu, kliniki nyingi za leo zenye umeme na maji ya bomba ziko nyuma yake.

Kazi hiyo ifanyweje basi? Huanza kabla meno hayajatoka mdomoni. Mvaaji wa meno ya bandia hapaswi kuombwa ayavue dirishani pa mapokezi, wala katika benchi la kusubiria. Wapo watu wazima wenye heshima zao ambao wenzi wao wa ndoa hawajapata kuwaona bila meno, na wapo walioacha kabisa kurudi kliniki kwa sababu siku moja waliambiwa mbele ya watu, "Hebu yatoe tuyaone." Chumba chenye mlango, sinki la kunawia, kioo na kikombe chenye kifuniko kilichoandikwa jina vinatosha. Kikombe hicho hakina budi kuwa na maji, kwa kuwa akriliki ikikauka hupoteza umbo lake.

Swali la kwanza ni la usiku. Ukimwuliza mtu, "Je, unayavua unapolala?" atajibu ndiyo, maana jibu linalotakiwa limo ndani ya swali. Ukimwuliza kwa upole, "Bibi, usiku unayaweka wapi?" utapata ukweli: atataja bilauri, au kitambaa, au atainamisha uso. Jibu hilo lina uzito. Huko Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia kwa miaka mitatu watu 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi. Wale waliolala na meno ya bandia walipata nimonia ya kulazwa au ya kuua kwa kiwango cha takribani mara mbili ya wenzao. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba meno yenyewe ndiyo yaliyoleta nimonia, kwani anayelala nayo huenda pia hujitunza kidogo katika mambo mengine. Hata hivyo njia yake inaeleweka: vimelea vilivyomo katika utando huchanganyika na mate, na mate ya mtu mzee aliyelala huweza kupenya hadi mapafuni.

Kisha kinywa hutazamwa, kwa mwanga mzuri na kidole chenye glovu. Hatua hii ndiyo inayoachwa zaidi, nayo ndiyo inayotofautisha kliniki na mtu anayesugua meno yake nyumbani. Wekundu wa kaakaa unaofuata umbo la meno ya juu kana kwamba umechorwa kwa wino ni dalili ya ugonjwa unaosababishwa na utando wa meno yenyewe. Mwaka 1962 Newton aliugawa katika aina tatu: vidoa vyekundu vya hapa na pale, wekundu ulioenea, na uvimbe wa chembechembe katikati ya kaakaa, mgawanyo huo bado hutumika. Jambo la kukumbuka ni kwamba mara nyingi ugonjwa huu hauumi. Mgonjwa hana malalamiko, na asipoulizwa wala kutazamwa hataugundua. Mwenye kisukari, mwenye upungufu wa kinga, anayetumia dawa za kuvuta za pumu na aliyekaukiwa mate kutokana na dawa nyingine huwa katika hatari kubwa zaidi.

Ukigunduliwa, kumpa mgonjwa dawa ya fangasi na kumrudishia meno yaleyale machafu ni kupoteza dawa. Fangasi waliomo katika vinyweleo vya akriliki hurudi kaakaani mara dawa inapokwisha. Meno husafishwa siku hiyohiyo, mvaaji huelekezwa kuyavua usiku, na dawa kama nistatini huongezwa pale daktari anapoona inahitajika. Anayepewa jeli ya mikonazoli aulizwe kwanza kama anatumia warfarini, kwa sababu jeli hiyo huongeza nguvu ya warfarini na huweza kuleta kutokwa na damu. Vidonda visivyopona kwa wiki mbili au tatu baada ya meno kurekebishwa havihesabiwi kuwa vya kuchubuka tu, hupelekwa kuchunguzwa.

Baada ya hapo ndipo meno yenyewe hushughulikiwa. Husuuzwa kwa maji yasiyo ya moto, huondolewa gundi iliyobaki, na husuguliwa kwa brashi laini na sabuni ya maji. Mhudumu huyakagua kwa kidole na jicho: je, kuna ufa, kulabu iliyolegea, jino linalotikisika, utando wa mpira laini uliobandikwa ndani? Yanayoonekana huandikwa na kuonyeshwa mwenyewe kabla ya kazi kuanza, ili ufa wa zamani usije ukageuka ugomvi mpya. Yeyote aliyewahi kupokea meno yaliyopasuka mikononi mwake anajua thamani ya mstari huo mmoja wa maandishi.

Kifaa kinachofaa kuliko vyote ni beseni la mawimbi ya sauti. Ni beseni dogo la chuma lisiloshika kutu, lililojazwa maji na kufungwa mtambo unaotetema zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, kasi ambayo sikio la binadamu haliisikii. Mitetemo hiyo huzalisha viputo vidogo mno katika maji, navyo hupasuka papo kwa papo vikigusa uso wa kitu kilichozamishwa. Kila kimoja kikipasuka hutoa msukumo mdogo. Vikiwa mamilioni, huung'oa utando na ugaga uliolegea hata katika pembe zisizofikiwa na brashi, bila chuma kugusa akriliki. Meno huwekwa katika mfuko wa plastiki au bilauri yenye dawa maalumu ya kuyeyusha ugaga na madoa, kisha mfuko huo huzamishwa katika maji ya beseni. Mawimbi hupita katika mfuko. Kwa njia hiyo kila mgonjwa ana dawa yake, meno hayachanganyiki, na beseni halichafuki. Kwa kawaida dakika 10 hadi 15 hutosha, beseni likiwa limefunikwa ili matone yasiruke chumbani.

Huenda kliniki ikasema haina beseni la meno ya bandia, ilhali lile la kusafishia vyuma vya tiba lipo katika chumba cha kutakasia vifaa. Mfuko uliofungwa vizuri humaliza tatizo hilo, mradi maji yabadilishwe na meno ya mtu yasioshwe moja kwa moja katika maji yaliyooshewa koleo za kung'olea. Kinachohitajika ni makubaliano kati ya vyumba viwili vya jengo moja, jambo ambalo wakati mwingine huwa gumu kuliko kununua mashine.

Ugaga mgumu uliobaki huondolewa kwa uangalifu upande wa nje pekee, na mahali hapo hulainishwa na kung'arishwa tena mpaka ukucha usikwame. Upande wa ndani, unaolalia ufizi, haung'arishwi kwa mashine. Umbo lake ndilo lililochukuliwa kwa kipimo cha kinywa cha mtu huyo, na kila unachokipunguza hapo hupunguza mshiko. Palipo na ugaga ndani, ni heri kuurudisha mfuko katika beseni mara ya pili kuliko kuinua kifaa cha kukwangulia.

Kung'arisha nako kuna mtego wake, nao hauzungumzwi vya kutosha. Unga wa pumisi uliolowekwa katika trei ya mashine ya kung'arishia, ukitumika kwa meno ya mgonjwa mmoja baada ya mwingine siku nzima, hugeuka kitalu cha bakteria. Gurudumu la kitambaa huchota vimelea vya mgonjwa wa asubuhi na kumpelekea wa mchana, na hurusha sehemu yake puani mwa fundi. Ni jambo la kusikitisha kuona meno yaliyooshwa kwa uangalifu yakichafuliwa na kazi iliyokusudiwa kuyapendezesha. Kipimo kidogo cha pumisi mpya kwa kila mgonjwa, kinachotupwa baada ya kazi, na gurudumu linaloweza kutakaswa kwa mvuke, si gharama kubwa. Meno huuliwa vimelea kabla ya kuingia maabara na baada ya kutoka, na fundi huvaa barakoa na miwani.

Kuhusu kuua vimelea, watumishi wa afya wa Tanzania na Kenya tayari wana ujuzi mikononi, kwani mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.5 ni jambo wanalolijua kwa moyo: sehemu moja ya Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Mchanganyiko huohuo hufaa kwa meno ya akriliki yasiyo na chuma, lakini kwa muda usiozidi dakika 10, kisha kusuuza kwa maji mengi. Muda ukizidi, rangi ya ufizi hufifia na akriliki huharibika. Meno yenye kulabu au fremu ya kobalti na kromu hayatiwi klorini kamwe, kwa kuwa huliwa na kutu. Kwa hayo hutumika dawa nyingine, kama vile vidonge vya kutoa povu vilivyotengenezwa kwa ajili ya meno yenye chuma. Vidonge vingi vya namna hiyo vina persalfeti, ambazo huwadhuru baadhi ya watu wenye mzio. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waeleze hatari hiyo katika maandishi ya pakiti. Mvaaji aulizwe juu ya mzio, aambiwe vidonge haviingii mdomoni, na asuuze vizuri kabla ya kuvaa.

Maji yanayochemka na otoklevu ni marufuku. Joto la kutakasia vyuma hulainisha akriliki na kuipindisha, na meno yaliyopinda hayarudi katika umbo lake. Kosa hili hutokea kwa nia njema tupu: muuguzi mgeni katika kitengo huona kifaa kinachotoka mdomoni mwa mgonjwa, hukumbuka alivyofundishwa, na hukitia pamoja na vingine.

Na kituo cha afya kisicho na beseni wala umeme wa uhakika? Hapa ndipo pingamizi kubwa lilipo, na ni pingamizi la haki. Siki nyeupe ya dukani hulainisha ugaga meno ya akriliki yasiyo na chuma yakilowekwa kwa saa kadhaa, kisha brashi laini ikamalizia. Mgonjwa aliyetoka mbali huweza kuyaacha asubuhi na kuyachukua mchana. Onyo moja lisisahaulike: siki na klorini visikutane, kwa kuwa mchanganyiko wake hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Meno husuuzwa kabisa kati ya kimoja na kingine, na vyombo vyake hutenganishwa. Njia hii ni ya polepole na haifikii ubora wa mawimbi ya sauti, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukwangua, na haihitaji chochote ambacho tabibu wa wilayani hawezi kukipata sokoni.

Wapo watakaouliza kama ushahidi wa kusafisha kila mwaka ni mzito kiasi cha kuwaongezea wagonjwa gharama. Mwongozo wa mwaka 2011 uliotolewa na jopo la wataalamu wa meno ya bandia nchini Marekani, ambao ndio uliopendekeza usafishaji wa kila mwaka kwa mawimbi ya sauti mikononi mwa mtaalamu, haukuficha kwamba tafiti zilizopo ni chache. Isitoshe, mawimbi hayaui vimelea vyote. Hupunguza utando ili dawa iweze kufika. Mtu anayesugua kila siku, anayeloweka na kuvua usiku, huenda asione tofauti kubwa baada ya miadi yake. Lakini mtu huyo si wa kawaida. Mvaaji wa kawaida ni mzee ambaye macho yake hayaoni utando, vidole vyake vimekazwa na baridi yabisi, na anayesuguliwa meno na mjukuu mwenye haraka ya kwenda shule, kwa dawa ya meno ya kawaida yenye chembe zinazokwaruza. Kwake yeye miadi ya mwaka ndiyo siku pekee ambayo jicho la kitaalamu huliona kaakaa lake. Hata kama beseni lisingefanya kazi yoyote, kutazamwa huko peke yake kungestahili safari.

Hoja hiyo huwahusu pia wauguzi wa wodini, ambao kwa kawaida hawahesabiwi katika mjadala wa meno ya bandia. Mgonjwa wa kiharusi hulazwa na meno yake mdomoni, hupoteza usemi, na hupita siku tatu kabla ya mtu kuuliza kama ana meno ya bandia. Mengine hufungwa katika karatasi laini kando ya kitanda na kuishia katika pipa la taka. Kikombe chenye jina, swali moja wakati wa kupokelewa, na simu kwenda kitengo cha kinywa na meno vingeyaokoa. Maabara nazo zingesaidia kwa kuandika jina au namba ndogo ndani ya akriliki tangu kutengenezwa, kazi ya dakika chache ambayo hufanywa mahali pengine na huachwa mahali pengi.

Malipo ni suala la uongozi. Huduma isiyo na jina katika orodha ya bei haina bajeti, haina dawa inayoagizwa kwa ajili yake, haina dakika ishirini katika ratiba ya tabibu, wala haimo katika takwimu za mwezi. Ikiandikwa, hata kwa bei ndogo au kwa msamaha kwa wazee wanaostahili, bohari italazimika kuuliza dawa ya beseni imekwisha lini, na mkuu wa kitengo ataona ni wavaaji wangapi waliokabidhiwa meno mwaka uliopita na ni wangapi waliorudi. Wapo watakaosema wagonjwa hawatalipia kusafishiwa kitu wanachoweza kukiosha nyumbani. Wengi wao hulipia kung'arisha viatu. Ambacho hawajapata ni mtu wa kuwaonyesha, kwa kioo kidogo cha tabibu, kaakaa lao lilivyo kabla na miezi miwili baada.

Mahali pa kuanzia hapahitaji waraka kutoka juu. Siku mgonjwa anapokabidhiwa meno yake na kutoa lile tabasamu lililosubiriwa, karani aandike katika kadi yake tarehe ya mwezi uleule wa mwaka unaofuata, pamoja na namba ya simu ya mtoto au mjukuu atakayekumbushwa.